Gerezani kuna spea ya kila mashine kongwe, lakini kinga haiulizwi

Ukishuka kituo cha mwendokasi cha Gerezani jijini Dar es Salaam na kuyapa mgongo maduka ya Kariakoo, masikio ndiyo yatakayokuonyesha njia. Kwanza utasikia nyundo juu ya bati. Kisha mlio wa kuchomelea. Halafu, ukikaza sikio, sauti ndefu na nyembamba ya chuma kinachomenywa taratibu kama chungwa.

Sauti hiyo ya mwisho ni ya mashine ya kukereza, ambayo mafundi wenyewe huiita lethi.

Wengi wetu hatujawahi kuiona ikifanya kazi, ingawa tunaitegemea kila siku. Shafti ya mashine ya kusaga unga mtaani kwako, bushi ya bajaji inayompeleka mtoto shule, puli ya pampu ya kisima: vikichakaa, huchongwa upya hapa. Chuma hushikwa na kichwa chenye taya, huzungushwa kwa kasi, na kisu kigumu husogezwa polepole mpaka kipande kipate unene unaotakiwa.

Nyingi ya mashine hizi ni za umri wa wazazi wetu, na nyingine ni za umri wa babu zetu. Ukifuta grisi kwenye kibao cha jina utasoma Colchester au Harrison, majina ya Uingereza. Nyingine zina maandishi ya Kichina ambayo hakuna anayeyasoma, ila kila mtu anajua kitasa kipi kinafanya nini.

Nilikwenda huko nikiongozana na fundi mmoja mwenye karakana Mbagala. Lethi yake ilikuwa imesimama kwa siku nne baada ya gia moja kung'oka meno matatu. Nilitaka kujua mtu anayelisha familia kwa mashine ya zaidi ya miaka 40 huzipata wapi spea zake, na zinapokosekana mwili wake hulipa nini.

Zilifikaje hapa

Mashine hizi zilikuja na reli na viwanda. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, haikuweza kuishi bila karakana za kuchonga vipuri vya vichwa vya treni na mabehewa. Waingereza waliofuata walileta mashine za kwao.

Baada ya Uhuru wakaja Wachina. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo mwaka 1968. Reli ya Tazara ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikaacha karakana kubwa Dar es Salaam na nyingine Mpika, Zambia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ikapata hata kiwanda chake cha kutengeneza mashine za namna hii, Kilimanjaro Machine Tools, wilayani Hai, kwa msaada wa Bulgaria.

Viwanda vingi vya umma vilipobinafsishwa au kufungwa katika miaka ya 1990, mashine zake zilianza safari ya pili. Nyingine ziliuzwa kwa mnada, nyingine kwa kilo kama vyuma chakavu. Ndivyo mashine iliyoundwa kuhudumia kiwanda cha watu mamia ikaishia kwenye banda la bati uani, inahudumia kaya moja.

Chuma cha mwili wake hakina haraka ya kufa. Kinachokufa ni vitu vidogo: gia, beringi, mikanda, nati za shaba, taya za kichwa, swichi.

Uingereza, mtu mwenye lethi ndogo ya zamani ya Myford bado ana pa kukimbilia. Kiwanda cha kampuni hiyo kilichokuwa Beeston, karibu na Nottingham, kilifungwa mwaka 2011, lakini jina na akiba ya vipuri vilinunuliwa na wauza zana wanaoendelea kuhudumia mashine hizo. Fundi wa Mbagala hana duka la namna hiyo. Duka lake ni mtaa mzima wa Gerezani.

Usitupe kipande kilichovunjika

Kanuni ya kwanza niliyojifunza ni kwamba kilichovunjika kina thamani kuliko picha. Fundi wangu alikuwa amefunga gia yake kwenye gazeti, pamoja na meno yaliyong'oka.

Tulimkuta mzee mmoja kwenye benchi lake, venia mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mmeniletea mgonjwa?"

Aligeuza gia, akahesabu meno kwa kuweka alama ya chaki kwenye la kwanza ili asilirudie. Yalikuwa 40, ukihesabu na nafasi za yale matatu. Akapima upana wa gia kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino la upande wa pili: milimita 84.

Hesabu yake ni fupi. Unachukua idadi ya meno, unaongeza mbili, halafu unagawa upana kwa jumla hiyo. Hapa ni 84 kugawanya kwa 42, jibu ni 2 kamili. "Hii ya Mchina," alisema bila hata kuuliza.

Gia ya mashine ya Kiingereza yenye meno 40 ingeweza kumpa milimita 88.9. Ukigawanya kwa 42 unapata 2.117, namba isiyo na adabu. Lakini badili 88.9 kuwa inchi, inakuwa 3.5. Ukigawanya 42 kwa 3.5 unapata 12 kamili, na fundi anajua kwamba meno hayo yalikatwa kwa mfumo wa inchi.

Tofauti ya 2 na 2.117 haionekani kwa macho. Gia hizo mbili ukizikutanisha zitazunguka kwa kelele, zitakula meno yake na siku moja zitagoma. Ndiyo maana anayenunua gia kwa kuangalia kwa jicho hurudi Gerezani mara mbili.

Ugomvi wa inchi na milimita uko hata kwenye bolti. Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza mwaka 1841 nyuzi za bolti zenye pembe ya nyuzi 55, na mashine nyingi kongwe za Uingereza hufuata kipimo hicho. Bolti za milimita tunazonunua dukani leo zina pembe ya 60. Ukilazimisha moja ndani ya nyingine itaingia mizunguko miwili, itakaza, na utadhani imeshika.

Kuna hata gia moja inayosuluhisha ugomvi huo. Ina meno 127. Inchi moja ni milimita 25.4, na 127 ukizidisha kwa 0.2 unapata 25.4. Lethi ya inchi ikifungwa gia hiyo inaweza kukata nyuzi za milimita bila kupoteza kipimo. Mwenye mashine ya Kiingereza akiiona kwenye lundo la vyuma, aichukue hata kama hana shida nayo siku hiyo.

Pini ya kukatika

Mzee aliuliza swali ambalo fundi wangu hakulitarajia: "Ile pini ya kwenye shafti ndefu uliweka nini?"

Lethi nyingi zina pini ndogo ya chuma laini au shaba kwenye shafti inayosukuma kisu. Imewekwa pale ili ikatike. Kisu kikigonga mahali kisipotakiwa, pini inakufa na gia zinabaki salama. Ni kama fyuzi ya umeme, isipokuwa hii ni ya chuma.

Pini ya fundi wangu ilikatika mwaka jana. Yeye akachomeka kipande cha msumari mgumu wa zege, akaendelea na kazi. Mwaka huu kisu kilipogonga, msumari ulikataa kukatika. Gia ikakatika badala yake.

"Kitu cha bei ya soda kimekugharimu gia," mzee alimwambia, na akamchongea pini tatu za shaba hapo hapo, moja ya kufunga na mbili za akiba.

Pini hiyo ilinifuata akilini siku nzima. Kwenye mashine kuna vitu vya kufanya kazi na vitu vya kulinda. Cha kufanya kazi kikiharibika, fundi anapanda gari siku hiyo hiyo kukitafuta. Cha kulinda kikipotea mashine inaendelea kuzunguka, na hakuna anayestuka.

Kwenye mabanda ya vyuma chakavu

Wakati gia inakatwa, tulizunguka kwenye mabanda ya wauza vyuma vya zamani. Kuna watu wanaonunua mashine zilizokufa, wanazivunja na kuuza kiungo kimoja kimoja. Hapa ndipo unapata kichwa cha taya, mguu wa mashine, mota, au sanduku zima la gia.

Mafundi wazoefu walinipa vipimo vyao vya kununua, na ninaviandika kwa ajili ya mzazi ambaye kijana wake ametoka chuo cha ufundi na anataka kuanza karakana.

Kichwa cha taya: kifunge kwenye kipande cha chuma kilichonyooka, kisha tazama mdomo wa taya. Zikiwa zimepanuka mbele kama mdomo wa tarumbeta, zitashika kwa nyuma tu, na chuma kinaweza kuchomoka kikiwa kwenye kasi.

Beringi: zungusha kwa kidole karibu na sikio. Ikisema kama mchanga, iache. Namba iliyochongwa ubavuni ndiyo jina lake, na beringi mpya ya namba hiyo hiyo inapatikana hata kama mashine yenyewe haitengenezwi tena.

Mota: muulize muuzaji iwashwe mbele yako, na isome bamba lake. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Mota iliyotengenezwa kwa mizunguko 60, kama ya Marekani, itazunguka taratibu zaidi na inaweza kupata joto.

Jiwe la kunolea: usinunue lililotumika. Hata jipya, lipime kabla ya kulifunga. Litundike kwenye kidole, ligonge taratibu kwa mpini wa mti wa bisibisi. Jiwe zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti iliyokufa, na jiwe lenye ufa likipasuka kwenye kasi vipande vyake huruka kama risasi. Angalia pia namba ya mizunguko kwenye karatasi yake. Lazima iwe kubwa kuliko kasi ya mashine yako.

Hakuna aliyeuliza kinga

Kwenye mabanda hayo nilimuuliza kila muuzaji swali moja: mtu wa mwisho kuja kutafuta kifuniko cha mkanda, au kinga ya kichwa cha taya, alikuja lini? Mmoja alicheka. Mwingine alinionyesha kifuniko kizuri cha chuma cha kusubu, kizima kabisa, kikisubiri kuuzwa kwa kilo ili kiyeyushwe.

Sababu inaeleweka. Mashine nyingi za zamani zilitoka kiwandani zikiwa na kinga chache, na zile chache zilipotea kwenye mnada au zilifunguliwa siku ya matengenezo na hazikurudishwa. Wateja wanasubiri, kodi ya banda inasubiri, na ada ya shule inasubiri. Kifuniko hakileti mteja.

Lakini tazama mikono ya mafundi wakongwe unapowasalimia. Mzee wa gia hana pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Nilipomuuliza kwa heshima, alisema ilikuwa gia za pembeni, zilizokuwa wazi, na yeye alikuwa anafuta oili kwa kitambaa huku mashine ikizunguka. Kitambaa kiliingia kwanza.

Hivyo ndivyo mashine hii inavyoumiza. Inakamata kitu kilicholegea, iwe kitambaa, mkono wa shati, mnyororo au nywele, na kuvuta mwili nyuma yake. Ndiyo sababu glovu, ambazo kwenye kazi nyingi ni kinga, kwenye lethi inayozunguka ni hatari.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akinge sehemu hatari za mashine. Lakini banda la mtu mmoja uani mara nyingi halina mwajiri wala mkaguzi. Lina baba, na watoto wake.

Kwa hiyo nilimwomba mzee na wenzake wanitajie kinga ambazo zinaweza kupatikana au kutengenezwa Gerezani kwa lethi yoyote kongwe. Walitaja tano.

Ya kwanza ni kifuniko cha gia na mikanda. Ni kazi ya mchomelea bati, bawaba mbili na komeo. Ukienda na vipimo vya upana, kimo na kina, kinaweza kutengenezwa wakati ukisubiri.

Ya pili ni kinga ya kichwa cha taya, bati lililokunjwa lenye bawaba na dirisha la kuonea. Dirisha liwe la plastiki angavu ya polikaboneti. Pasipeksi ya kawaida hupasuka vipande vikali ikigongwa.

Ya tatu ni springi kwenye ufunguo wa taya. Ufunguo ukisahaulika kichwani na mashine ikawashwa, huruka kama jiwe la manati. Wenye springi hujisukuma nje mkono ukiuachia tu, kwa hiyo hausahauliki.

Ya nne ni kiegemeo cha jiwe la kunolea. Nafasi kati yake na jiwe isizidi milimita 3. Jiwe likiisha, kiegemeo kinasogezwa. Nafasi ikiwa pana, kipande unachonoa huvutwa ndani na kidole kinafuata.

Ya tano inahitaji maelezo yake.

Umeme ukirudi

Mashine nyingi nilizoziona zimeunganishwa moja kwa moja kwenye swichi ya ukutani. Swichi yake ya asili ilikufa zamani, fundi umeme akaunganisha nyaya, kazi ikaendelea.

Sasa fikiria siku ya umeme kukatika. Lethi inasimama. Fundi anachukua nafasi hiyo kusafisha taya, kufungua chuma kilichoshikwa, au kunywa chai. Hakumbuki kuzima swichi, kwani mashine imeshasimama yenyewe. Mtoto anasogea kuangalia. Umeme unarudi.

Mashine yenye stata ya kontakta haiwezi kufanya hivyo. Umeme ukikatika, kontakta inaachia. Umeme ukirudi, mashine inabaki kimya mpaka mtu abonyeze kitufe cha kijani kwa hiari yake. Kitufe chekundu, kikubwa kama uyoga, hukaa mahali ambapo hata goti linaweza kukifikia mkono ukiwa umekamatwa.

Kifaa hiki huhitaji kukitafuta kwenye lundo la vyuma. Kinauzwa kikiwa kipya kwenye maduka ya umeme ya Kariakoo, umbali wa kutembea kwa miguu. Nenda na namba za kwenye bamba la mota: volti, ampea na kama ni njia moja au tatu. Kifungwe na fundi umeme, na mwili wa mashine uunganishwe na waya wa ardhini.

Fundi wangu alikuwa na bajeti ya gia tu. Alisimama mbele ya duka, akapiga simu nyumbani. Nilisikia upande mmoja wa mazungumzo: "Mama Sada, kuna kitu kingine hapa... Hapana, mashine itatembea bila hicho... Ndiyo. Ndiyo, anakujaga pale akitoka shule." Akakata simu, akaingia dukani.

Kinachorudi nyumbani

Jioni nilifika Mbagala. Karakana iko hatua kumi kutoka mlango wa jikoni, kama zilivyo nyingi. Hapo ndipo habari ya spea inapogeuka habari ya afya ya familia yote.

Mashine za zamani zina vitu vya zamani. Rangi iliyopakwa miongo mingi iliyopita inaweza kuwa na madini ya risasi, na beringi nyingine za zamani ni za chuma cheupe laini ambacho mara nyingi huwa na risasi. Mtu anapokwangua rangi hiyo au kuyeyusha chuma hicho, vumbi na mvuke hukaa kwenye nguo, nywele na viatu, kisha huingia ndani pamoja naye.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Linasema pia kwamba mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Huharibu ubongo unaokua, na mara nyingi haina dalili ya mapema ambayo mzazi anaweza kuiona.

Basi rangi ya zamani iloweshwe maji kabla ya kukwanguliwa, kazi ifanyike mbali na watoto, na mabaki yakusanywe badala ya kufagiliwa uani. Kuyeyusha chuma cha beringi kusifanyike kwenye jiko wala sufuria ya nyumbani, hata mara moja.

Nguo za kazi zibaki karakanani. Zifuliwe peke yake, kwa maji yake. Baba akitoka kazini, mtoto asubiri kukumbatiwa mpaka aoge. Ni dakika kumi tu.

Oili iliyokwishatumika nayo isitumike kupozea kisu wala kunawia mikono. Ikigusa ngozi kila siku huleta muwasho na vipele, na kwa miaka mingi inaweza kuleta saratani ya ngozi. Petroli pia si sabuni. Tumia sabuni na maji, au unga wa sabuni uliochanganywa na vumbi safi la mbao, njia ambayo mafundi wengi wanaijua.

Kuhusu watoto kukaa kando ya mashine, najua wengi tumelelewa kwa kuangalia wazazi wakifanya kazi, na ufundi mwingi umerithiwa hivyo. Mtoto anaweza kujifunza majina ya zana, kupima kwa venia, kuchora na kupiga hesabu ya meno ya gia. Asiguse mashine inayozunguka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa kiwandani au kwenye mazingira mengine hatarishi. Mashine ya uani haina huruma zaidi kwa sababu ni ya nyumbani.

Ajali ikitokea

Kipande cha chuma kikiingia jichoni, usisugue na usijaribu kukitoa kwa njiti ya kiberiti au ncha ya kitambaa. Kipande kilichoruka kwa kasi kinaweza kupenya ndani ya jicho na maumivu yakawa madogo. Funika jicho bila kulikandamiza, kwa mfano kwa kikombe cha karatasi, na nenda hospitali siku hiyo hiyo. Miwani ya kinga ndiyo spea ya bei ndogo kuliko zote nilizoziona siku nzima.

Kidole kikikatika, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na inua mkono juu. Kipande kilichokatika kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Kisiguse barafu moja kwa moja wala kisilowekwe majini. Mgonjwa na kipande chake waende hospitali pamoja, haraka.

Kwa wale ambao familia zao zinakula kwa mashine kama hizi, kabla ya safari ijayo ya Gerezani kaeni wawili, mwenye mashine na mwenza wake, mzizunguke mashine ikiwa imezimwa. Andikeni kila sehemu inayozunguka na iko wazi. Pimeni upana, kimo na kina. Pigeni picha bamba la mota. Orodha hiyo iwekwe mfuko mmoja na gia iliyovunjika.

Gia ya fundi wangu ilifungwa usiku ule kwa mwanga wa taa ya simu, pamoja na pini ya shaba. Hakuiwasha. Kifuniko kilikuwa bado kwa mchomelea bati, na fundi umeme wa kufunga kontakta alikuwa ameahidi kufika kesho yake saa tatu asubuhi. Wateja wawili walipita kuuliza. Aliwaambia warudi mchana.